Breki za Herman

Ukifika Nambis usithubutu kumsema vibaya fundi Onesphory, utaonekana mchawi. Watoto kwa wazee watakuambia mtu mwema kuliko yule hajazaliwa. Pampu ya kisima cha shule ikifa, yeye. Baiskeli ya katekista ikikatika mnyororo, yeye. Mgonjwa wa kubebwa usiku na mvua, yeye, na asubuhi hataki hata kikombe cha chai. Na juu ya yote hayo watakutajia moto: ndiye aliyempelekea moto mjane Efrazia mwaka ule ambao hakuna aliyethubutu. Huo moto ndio uliomjengea jina. Nami nitakueleza ulivyokuja kumuunguza, ila twende taratibu.

Mwaka 2004, mwezi wa nane, dereva wa misheni aliyeitwa Herman, mume wa Efrazia, aliondoka na Land Rover kwenda kuchukua dawa za zahanati. Ilikuwa lazima ashuke mteremko wa Dareda. Hakufika chini. Kwenye kona ya nne gari lilikwenda moja kwa moja badala ya kukata, likaruka ukingo, likagonga mwamba, na Herman akarushwa nje akafa palepale. Waliofika kwanza walisema gari zima linanuka pombe. Ni kweli lilinuka. Asubuhi ile, kabla ya kuanza safari, Herman alipita kwenye sherehe ya ubatizo, akapewa kibuyu cha pombe ampelekee mkwewe huko Dareda, na kibuyu kilipasuka kikamwagika mpaka kwenye shati lake. Lakini nani alikuwa na muda wa kuuliza habari za kibuyu? Mmoja akasema, "Alikuwa amelewa." Kufika jioni Mbulu nzima ilikuwa inasema amelewa.

Sisi huku ni Wakristo, tena wa siku nyingi, lakini Ukristo wetu mwingine unaishia mlangoni pa kanisa. Nyumba iliyopatwa na kifo cha damu namna ile, wazee hawaipendi. Huwa inatengwa. Watu wake hawaombi moto kwa jirani, hawachoti maji pamoja na wengine, ng'ombe wao hawachanganywi na wa watu, mpaka miezi ipite na wazee waseme basi. Efrazia akabaki ndani na binti yake mmoja, Tekla, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Siku ya tatu mvua isiyo ya msimu ikawazimia moto. Kiberiti hakuna, na baridi ya Nambis unaijua. Ndipo Onesphory alipovuka ua mchana kweupe, watu wanamwona, mkononi ana kipande cha bati chenye makaa. Akaingia, akawawashia, akakaa nao akala ugali wao.

Wazee walikasirika, halafu wakaona aibu, halafu wakamsifu. Wiki haikuisha, nyumba ya Efrazia ikaachiliwa. Tangu siku hiyo Tekla humwita baba mdogo, na Efrazia humwita shemeji, japo hana undugu wowote na Herman.

Sasa nikuambie ambalo Nambis haijui. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe ni Onesphory.

Asubuhi ya safari ile, kwenye gereji ya misheni, masta ya breki ya Land Rover, ile silinda inayosukuma mafuta kwenda magurudumuni, ilikuwa inavuja. Onesphory aliikaza, akageuka kuchukua mafuta ya breki aongeze, akakuta kopo tupu. Angesema tu, "Kaka Herman, mafuta hakuna, ngoja kesho." Maneno sita! Lakini pale walikuwa wamesimama waashi wawili wa misheni, na Jumapili iliyotangulia paroko alikuwa amemsifu mbele ya watu kwamba ni fundi asiyepungukiwa. Basi akaingia stoo, akakata kipande cha sabuni ya mche, akakikorogea kwenye maji, akamimina kwenye masta. Mafundi wengi wa huku walifanya hivyo kwa matrekta ya tambarare, na matrekta yalilima. Kwenye tambarare maji ya sabuni hayana neno. Lakini mteremkoni breki zikipata moto, maji yanachemka, na padeli inazama mpaka chini kama umekanyaga uji. Onesphory alilijua hilo. Alikusudia kumwambia Herman ashuke na gia ya kwanza, anunue mafuta halisi Dareda.

Herman akawasha gari, akachungulia dirishani. "Breki vipi?"

Waashi walikuwa wanasikiliza.

"Ziko sawa, kaka. Nenda."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho Herman kuambiwa na mtu wa Nambis. Miaka ishirini Onesphory ameyabeba. Kila Pasaka anaingia kuungama, anataja hasira, anataja uvivu wa sala, anataja hata mbuzi wa jirani aliyempiga jiwe, anatoka. Hilo moja hajalitaja. Makaa yale hayakuwa wema, jamani. Yalikuwa woga tu, uliovaa nguo za wema.

Julai mwaka 2024 Tekla akaja gerejini kwake. Amekuwa mwalimu wa sayansi huko Dirma, mwanamke mwenye sura ya baba yake na maneno machache.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Dirma hawajambo?"

"Hawajambo. Nimekuja kwa habari ya gari la baba."

Gari lile misheni walilikokota baada ya ajali wakaliacha nyuma ya stoo, kisha wakampa mjane, maana hakuna aliyelitaka. Miaka yote limekaa kwa Efrazia chini ya kibanda cha majani, kuku wakitaga kwenye viti. Ni Land Rover ya mwaka 1968, ndefu, ya kijani. Bodi ilipondeka upande mmoja, lakini chesisi ilikuwa nzima, na injini Onesphory mwenyewe alikuwa akiizungusha kila mwaka ili isigande. Hilo nalo watu walilihesabu kuwa wema.

Tekla akatoa simu akamwonyesha tangazo. Wapenda magari ya kale kutoka Arusha walikuwa wanakuja Katesh mwezi wa tisa na waamuzi wao, kupima magari yaliyozidi miaka hamsini: kuwaka injini ikiwa baridi, kupanda mlima na mzigo, na kushuka mteremko mara tatu mfululizo hadi breki zipate moto, kisha kusimama katikati ya mistari miwili ya chokaa.

"Unataka zawadi?" Onesphory akauliza, akijaribu kucheka.

"Sitaki zawadi. Nataka kujua." Akaweka simu mfukoni. "Mama miaka yote anabishana na watu. Sokoni, kanisani, kwenye misiba. Anasema baba hakunywa siku ile, anasema zilikuwa breki. Polisi walisema breki hazikuwa na kasoro, lakini nani alizijaribu? Mimi nafundisha watoto kwamba ukitaka kujua jambo, lijaribu. Basi tutengeneze injini, bodi, kila kitu. Lakini breki zibaki zilezile. Masta ileile, paipu zilezile, silinda zilezile. Badilisha raba tu, maana raba zimeoza. Kama mfumo ule una kasoro, ukipata moto utaonyesha mbele ya watu wasiotujua. Kama hauna, basi baba alikuwa amelewa, na mimi na mama tutanyamaza."

Ona sasa! Mfumo haukuwa na kasoro hata kidogo. Kasoro ilikuwa kwenye kopo. Onesphory akiutengeneza vizuri na kuujaza mafuta halisi, ungeshika kama kucha za paka, na kushika kwake ndiko kungemfanya Herman mlevi milele.

"Na usiufungue kabla sijaja," Tekla akasema akiondoka. "Jumamosi nitakuwa hapa. Nataka nione kwa macho yangu kilichomo."

"Sawa mwanangu."

Ilikuwa Jumanne. Alhamisi, Tekla akiwa darasani Dirma, Onesphory alifunga mlango wa gereji, akaifungua masta. Hakuweza kungoja. Alijua kilichomo, na alikikuta: ukoko mweupe umeganda chini ya silinda, mwembamba, mkavu, na kutu nyekundu kuuzunguka. Aliukwangua kidogo kwa ukucha akaunusa. Baada ya miaka ishirini ulikuwa bado na harufu ya mbali ya sabuni, au labda ilikuwa dhambi yake inanuka.

Kisha akafanya kazi, na alifanya vizuri, maana hakujua kuifanya vibaya. Aliosha masta kwa spiriti mara tatu. Akasugua kwa msasa laini mpaka ndani kukang'aa. Akapuliza paipu moja moja kwa upepo wa pampu, na kila moja ikatema unga mweupe kwenye kitambaa. Silinda za magurudumu vilevile. Vitambaa akavichoma kwenye jiko la bati, akangoja viishe, akakoroga majivu.

Jumamosi Tekla alipofika, vyuma vyote vilikuwa vimepangwa juu ya gunia.

"Baba mdogo! Si nilisema uningoje?"

"Nilisahau mwanangu, uzee. Mikono ilinitangulia."

"Ulikuta nini ndani?"

"Hakuna kitu. Kulikuwa safi, kutu kidogo tu."

Onesphory alidhani amekwisha. Lakini Tekla alivipiga picha vyuma vile kwa simu yake, akaandika kwenye daftari: safi, kutu kidogo. Mtu mwingine angemshuku. Huyu alikuwa mtoto aliyewashiwa moto.

Wiki sita walifanya kazi. Onesphory alinyoosha bodi kwa nyundo ya mpira na gogo la mkaratusi, akasaga vavu, akabadilisha plagi, akashona viti kwa ngozi ya ndama aliyoitoa Efrazia. Mjane alikuja kila mchana na makande kwenye bakuli lililofunikwa kitenge, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatazama. Alikuwa amekonda, mgongo umeanza kupinda, lakini siku hizo alikuwa na furaha ambayo Onesphory hakuwahi kuiona. Aliamini, masikini. Alikuwa na hakika breki zile zitafeli.

"Shemeji," alisema siku moja, "zikifeli pale Katesh, sitamcheka mtu. Nitarudi tu nipite sokoni Jumamosi, nipite katikati, ninyamaze. Wataona wenyewe."

"Usinene hivyo, mama Tekla. Zikifeli mtaumia."

"Mteremko wa kule una mchanga mwisho wake, Tekla ameniambia. Hatutaumia. Na mimi nitakaa mbele, mahali alipokuwa ananikalisha." Akamwekea makande kwenye sahani. "Kula. Umekonda kuliko mimi. Unalifanyia kazi hili gari kama la ndugu yako wa tumbo moja."

Alikula. Alitaka kusema pale pale, mdomo ukiwa umejaa maharage. Akameza, na maneno yakashuka pamoja na maharage.

Siku moja kabla ya majaribio walilipakia Land Rover kwenye lori, kwa kuwa halikuwa na bima. Tekla na mama yake wakakaa na dereva, Onesphory akapanda juu nyuma. Kwenye kona ya nne ya mteremko wa Dareda Efrazia akagonga dashibodi, lori likasimama. Pale pana msalaba mdogo wa chuma. Miaka ishirini, gari lolote alilopanda Efrazia lilisimama pale, liwe basi, liwe trekta, na makondakta walishazoea kumlaani kimoyomoyo. Alishuka, akang'oa nyasi, akaweka jiwe dogo juu ya mengine, akasema maneno ya Kiiraqw ambayo Onesphory aliyasikia kutoka juu. Alisema: kesho, baba Tekla, kesho.

Katesh palikuwa na upepo na vumbi, na mlima Hanang umevaa wingu kichwani. Magari kumi na moja yalikuwa yamepangwa uwanjani: Peugeot, Volkswagen, Bedford moja ya kubebea ngano. Mwamuzi mkuu alikuwa mzee wa Arusha aitwaye Theodory, kofia pana, ubao wa kuandikia chini ya kwapa, mtu wa maneno laini. Aliwaambia fundi wa kila gari lazima akae nyuma wakati wa jaribio.

Kabla ya zamu yao kulikuwa na nusu saa. Onesphory alisema anaenda kukagua mara ya mwisho. Alilala chali chini ya gari, spana mkononi, akaiweka kwenye nati ndogo ya kutolea hewa kwenye gurudumu la nyuma. Hapo ndipo ilipokuwa njia yake. Angelegeza robo mzunguko tu. Mafuta yangevuja polepole, padeli ingelegea mshuko wa tatu, gari lingepita mistari likazama mchangani. Theodory angeandika: breki mbovu. Herman angesafishwa, na yeye Onesphory asingesema neno. Wote wangerudi nyumbani na furaha.

Alilegeza. Tone moja likamdondokea kwenye shavu.

Hapo akasikia mlango unafunguliwa juu yake, na kiti cha mbele kikalia. Efrazia alikuwa amekaa. Onesphory alikuwa ameiona miguu yake kwanza, viatu vya Jumapili vya plastiki, kisha ikapanda ndani. Onesphory alikaza nati ile mpaka spana ikamkata kiganja. Mara ya kwanza alimpeleka mtu mteremkoni na breki anazozijua. Mara ya pili mkono ulikataa. Ningependa kusema ni wema. Labda ulikuwa, safari hii, na tazama wema wenyewe ulivyozaa.

Injini iliwaka kwa mpigo mmoja, watu wakapiga makofi. Mlima walipanda na magunia sita ya mahindi bila kukohoa. Kisha mteremko. Mshuko wa kwanza, Tekla akakanyaga, gari likasimama. Mshuko wa pili, harufu ya breki za moto ikaanza kuingia ndani, harufu ya bati lililoungua, na Onesphory nyuma akajikuta mguu wake wa kulia unabonyeza sakafu. Mshuko wa tatu Tekla hakutumia gia kabisa. Aliliachia. Upepo ukavuma dirishani, mistari ya chokaa ikaja mbio, na Efrazia akafumba macho na kutabasamu. Onesphory alimwona kwenye kioo. Tabasamu la mtu anayekwenda kuthibitishwa.

Tekla akakanyaga.

Gari likasimama. Likasimama kama lilivyotengenezwa kusimama, limenyooka, katikati ya mistari, na vumbi likalipita likaenda zake.

Theodory alikuja na utepe wake, akapima, akagusa magurudumu kwa nyuma ya kidole. "Aisee! Mfumo huu ni ule wa asili?"

"Ndiyo," Tekla akasema. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Raba tu ndizo mpya."

Mwamuzi akafungua karatasi ya historia ya gari ambayo kila mshiriki aliandika. Akaisoma, akatikisa kichwa kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya, hakujua anachofanya. "Poleni sana. Ajali ya 2004. Lakini nawaambieni, miaka arobaini nimepima magari, breki za namna hii hazimwachi mtu. Aliyetengeneza ni fundi kweli. Kumi juu ya kumi."

Akapeana mkono na Onesphory. Watu wakapiga makofi tena.

Efrazia alishuka peke yake. Alizunguka nyuma ya gari, mbali na watu, akakaa kwenye bampa. Tekla alimfuata, na Onesphory akawafuata wote wawili. Mjane hakulia. Alikuwa anakunjua na kukunja ncha ya kitenge chake, kukunjua na kukunja.

"Tekla," alisema, "nikifa usinilaze kando yake. Nilaze kwa kaka zangu."

"Mama."

"Miaka ishirini nimewaita watu waongo. Mama yake katekista nimemnyima salamu mpaka amekufa. Kumbe walikuwa wanasema kweli, na mimi nilikuwa naolewa na mlevi kila siku upya."

Hapo, mwisho wa yote, Onesphory akafungua mdomo. Alipiga magoti kwenye vumbi, mzee wa miaka sitini na tatu, kofia mkononi.

"Shemeji, ni mimi. Herman hakulewa. Mafuta ya breki yaliisha, nikaweka maji ya sabuni. Aliniuliza, nikamwambia ziko sawa. Mimi ndiye niliyemuua."

Tekla alimtazama, na machoni mwake Onesphory aliona kitu kinawaka, kisha akakiona kinazima.

"Maji ya sabuni yangeacha alama," alisema polepole, kwa sauti ya darasani. "Baba mdogo, wewe ulifungua masta. Ulisema kulikuwa safi."

"Nilidanganya. Kulikuwa na ukoko mweupe. Niliuosha."

"Uko wapi?"

"Nilichoma vitambaa."

"Na miaka ishirini hukusema. Unasema leo, dakika hii, mama alipovunjika moyo." Alitoa simu, akatafuta, akamwonyesha picha: vyuma juu ya gunia, vinang'aa. "Ona. Mimi nilitaka kupata alama hata moja. Ningeshukuru mno. Hakuna."

"Naapa kwa Mungu, Tekla!"

"Usiape, baba mdogo. Tafadhali. Usiape kwa ajili yetu."

"Mwache, mwanangu," Efrazia akasema. Aliinama, akamshika Onesphory mkono, akaona damu kiganjani alipokatwa na spana, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake. "Huyu ndivyo alivyo. Siku zile watu wote walitukimbia, yeye akaja na makaa akaona heri alaaniwe pamoja nasi. Leo tena anataka kuubeba mzigo wetu. Asante, shemeji. Mungu ameona. Lakini inuka. Usijipake uchafu kwa ajili ya mlevi."

Hilo neno mlevi, kabla ya siku ile, halikuwahi kutoka kinywani mwake. Onesphory alibaki magotini. Alisema tena, na tena, akataja waashi wawili, na wote wawili walishakufa. Akataja kopo, akataja sabuni, akalia kwa sauti mpaka watu wa Bedford wakageuka kutazama. Kadiri alivyolia ndivyo Efrazia alivyompapasa bega na kusema basi, basi, shemeji, inatosha. Wakamwinua wawili hao, kila mmoja kwapa lake, wakampa maji anywe.

Saa tisa walilipakia Land Rover kwenye lori. Breki ya mkono ilikuwa imechakaa, kwa hiyo ilibidi mtu akae ndani ya gari kule juu, mguu kwenye padeli, lisirudi nyuma wakati lori linapanda Dareda. Tekla alitaka kukaa yeye. Onesphory alikataa. Akapanda akakaa kwenye kiti cha Herman, akashika usukani wa Herman, akakanyaga.

Lori likaanza kupanda. Kona baada ya kona. Mguu ulimuuma mpaka kiunoni lakini hakuutoa, na padeli ilikuwa juu, ngumu. Kwenye kona ile ya nne kutoka juu dereva alipunguza mwendo mwenyewe, maana jana alizuiwa pale, na msalaba ukaonekana na mawe yake madogo, la jana likiwa juu kabisa. Onesphory alingoja kusikia dashibodi ikigongwa.

Mkono wa Efrazia ulitoka dirishani, ukapunga mbele mara mbili: twende, twende.

Dereva akabadilisha gia.